Siku Nne Mama Alizotembea

Asubuhi hiyo Fundi alikuta kitanda cha mama yake kitupu. Miaka miwili tangu kiharusi kimwangushe, mama hakuwahi kugeuka ubavu bila kushikwa. Sasa alikuwa juu ya meza ya cherehani, wima, vidole vimegusa dari.

"Mama! Umepandaje huko?"

"Nimepanda tu, mwanangu." Maneno yalimtoka yamenyooka, na akacheka.

Fundi alilia kwa furaha, hakutaka kuchimba zaidi. Walishikana mikono hadi dukani kununua uzi, na wateja wakatania kwamba mama ataolewa kabla ya binti. Harufu tu ndiyo iliyomkera, ya udongo mbichi na mbao zilizooza, ikimfuata mama kila alipopita. Na uani jongoo walikuwa wamepanda nguzo za uzio mpaka nchani, wakafia huko, ukungu mweupe umechomoza kwenye maungio ya pingili zao.

Siku ya pili mama alikutwa juu ya kabati. Siku ya tatu, juu ya tangi la maji. Akishuka, viungo vilimlia ka, ka, ka. Siku ya nne, akimvalisha, Fundi aliona mstari mweupe umemzunguka shingo, mwingine kiwiko. Akamfunga mtandio, akakimbia kumwita bibi mganga wa mtaa wa pili.

Bibi aliwatazama jongoo, kisha akamvuta Fundi barazani.

"Mjukuu wangu," alinong'ona, "jini hili humla mtu kwa ndani, kisha likamvaa. Linatafuta juu, lipasuke, upepo ulisambaze kwa wengine."

"Litoe basi."

"Nikilitoa, hakuna kitakachobaki cha kumshikilia."

"Basi liache!" Fundi alimshika mikono. "Nipe hata wiki moja, bibi. Nakuomba."

Bati likalia juu yao. Fundi alitoka mbio, akaegemeza ngazi, akapanda, na kule kileleni mwa paa akamwona mama yake amejikunja, amelikumbatia bati kwa mikono na miguu, mtandio umedondoka, na ile mistari myeupe ikivimba taratibu shingoni, mabegani, kila palipo na kiungo, kama mshono unaokaribia kufumuka.

"Mama..."

Midomo ikahangaika. Sauti ilitoka nzito, imepinda, ile ile ya kitandani baada ya kiharusi.

"Mwa... nangu. Ni... shushe."

Fundi aliielewa mara moja. Alimbandua kidole kimoja kimoja, akambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama mto uliotolewa pamba.

"Litoe," alimwambia bibi, akampakata mama mpaka dua ilipokwisha na ka, ka ikanyamaza.

Jioni majirani walijaa ukumbini kwa msiba.

"Jipe moyo," mmoja alimwambia. "Walau Mungu alimjalia siku nne za kutembea."

"Ndiyo," Fundi akaitikia. "Alitembea."