Maganda Sita ya Herieli

Jumamosi ile ilianza kama nyingine zote. Mama mdogo wangu, Fabiola, alimaliza chai, akaning'iniza begani bunduki ya marehemu mumewe, tukaenda kulenga makopo kwenye machimbo ya zamani ya mawe, huku kwetu Mutuka. Ulikuwa mwaka 2004, mkoa wa Manyara ungali mchanga. Kibali cha bunduki kilikuwa kwa jina lake mwenyewe.

Ilikuwa bunduki ya kizamani, yenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio. Unausukuma mkono, ganda tupu la risasi linaruka. Unaurudisha, risasi nyingine inaingia. Maganda hakuyatupa. Aliyajaza upya mwenyewe, na kila alipolijaza ganda alilikwaruza mstari mmoja kwa tupa. Herieli, mumewe, ndiye aliyemfundisha. Siku ya kumzika, mama mdogo alimtilia mfukoni mwa koti maganda sita aliyoyapenda. Kila moja lilikuwa na mistari miwili.

Jumamosi ile alipiga kumi. Nikaokota kumi na moja.

La kumi na moja lilikuwa na udongo mwekundu ndani. Lilinuka baruti iliyotoka kulipuka. Lilikuwa na mistari mitatu.

Kila wiki likaja jingine. Yalipotimia sita, tulikwenda kaburini. Nyasi zilikuwa zimesimama, hazijaguswa.

Habari zikamfikia Hilary, mdogo wake marehemu, aliyekaa Nangara. Simhukumu; huenda aliamini kweli alichosema. Kwao bunduki ya marehemu hurithiwa na ndugu wa kiume, na ile alikuwa akiidai tangu matanga.

"Shemeji, mwenyewe anaitaka," alinong'ona. "Nipe mimi, kabla hajaifuata."

"Miaka kumi na tisa tumelala kitanda kimoja, leo akutume wewe?"

"Usifanye mzaha. Ataua mtu."

"Basi ngoja nimjazie."

Nilidhani anamtania. Mchana ule ule aliyajaza yote sita, baruti na risasi mpya, wala hakukwaruza mstari. Akayapanga juu ya kaburi kama mtu anayeandaa meza.

"Herieli," alisema, sauti kavu. "Bunduki ni yangu. Kama una neno na mimi, haya, niambie. Kama neno lako ni na mtu mwingine, mfuate huyo."

Usiku bunduki ilikuwa kabatini, na ufunguo shingoni mwa mama mdogo.

Asubuhi tulirudi kaburini. Maganda yalikuwa palepale. Matupu. Mistari minne.

Tukakimbilia machimboni. Tulikuwa tumeacha makopo sita juu ya jiwe. Matano yalikuwa yametobolewa katikati.

La sita lilikuwa zima.

Mama mdogo aliligeuza kopo lile pande zote. "Hajawahi kukosa," alisema.

Tulipofika nyumbani tulimkuta Hilary amesimama mlangoni. Hakutaka kiti. "Shemeji, baki nayo," alisema, akaondoka bila kutuangalia.

Wiki iliyofuata tulikwenda Nangara kumjulia hali. Anaishi peke yake. Majirani walituapia kwamba usiku ule hawakusikia mlio wowote wa bunduki. Mlangoni mwake, usawa wa kifua, palikuwa na tundu. Mama mdogo aliingiza kidole chake cha mwisho; kikaenea kama kwenye matundu ya makopo.

Mbao zilikuwa zimepasukia nje.

Aliyepiga alikuwa ndani, pamoja na Hilary.