Mashine Iliyoonja Kiganja cha Seremala

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nne kasoro robo asubuhi, seremala alikuwa dukani na mkewe wakichagua mashine ya kufyonza vumbi, moja ya zile zisizo na waya. Mke alikuwa na pumu. Vumbi la mbao alilorudi nalo mumewe kila siku lilimkaba kifua, na ufagio ulilitimua tu.

"Hii nyepesi, haitanichosha," alisema mke.

"Nyepesi ya nini, mama? Unataka mashine au kipepeo?"

Karakanani kwake chombo hakikuaminiwa mpaka mkono ukijue. Akaiwasha ile nyeusi, nzito, akauziba mdomo wa mashine kwa kiganja. Ikavuta. Alipobandua mkono, ngozi ilikuwa imechubuka, na ndani ya kikombe cha vumbi mlikuwa na damu.

"Hiyo imerudishwa mara tatu," muuzaji alinong'ona. "Bosi hataki niseme."

"Waliorudisha hawajui vyombo," seremala akacheka. Wakaichukua.

Nyumbani, mke aliipitisha sebuleni. Ikatoa harufu ya nyama mbichi.

"Baba, inapumua."

"Izime basi."

"Nimeshaizima."

Seremala akachomoa betri, akaiweka mezani. Mashine iliendelea kunguruma, kisha ikamrukia mkewe, ikadaka nywele zake na kuzing'oa pamoja na ngozi ya kichwa, na seremala alipoipiga kwa nyundo kila pigo lilimrudia na kumvunja kidole, kimoja baada ya kingine, mpaka mdomo wa mashine ukaugandama mdomo wa mkewe na kuanza kuvuta ile pumzi kidogo aliyokuwa nayo, huku sauti ikisema kwa upole kutoka ndani, "Mkono wako ndio ulionilisha."

Ustadhi wa jirani alisikia mayowe, akauvunja mlango kwa bega, akaingia akisoma Ayatul Kursi. Jini lililokuwa ndani ya mashine likatoka likilia, likapasua dirisha na ukuta wake. Mashine ikanyamaza.

Mke alilala macho wazi, midomo imekauka.

"Ustadhi, msomee na yeye," seremala alisihi, akimkumbatia kwa mikono iliyovunjika. "Msomee, ndugu yangu."

Ustadhi alipiga magoti, akamfumba yule mama macho.

"Mola wetu, mja wako huyu ameishi kwa dhiki ya kifua na amekufa kwayo. Msamehe, mrehemu, mpanulie kaburi lake, asibanwe tena. Amina."