Boksi la Unga Lililoshushwa Ranasay

Kila Jumamosi ya kiangazi, kabla boti iitwayo Sulaire haijang'oa nanga, Marsali alikuwa na kazi yake. Aliingia katika kibanda cha mabati pale gatini, akafunga mlango, akafungua kila mzigo unaokwenda visiwani: mabegi ya wageni, ndoo za viazi, hata makoti ya mvua. Alikung'uta, akachungulia, akapanga upya, kisha akatia alama kwenye karatasi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo alikabidhiwa na baba yake, Torkil, nahodha wa Sulaire.

"Afisa forodha," kaka yake Ivar alimtania, "hata soksi zangu utazikagua?"

"Zako panya mwenyewe atazikimbia. Pita."

Panya ndiye hasa aliyetafutwa. Ranasay, kisiwa walichokwenda, hakikuwa na panya hata mmoja. Ndege wake wa baharini, waitwao pafini, hutaga chini ya ardhi, kwenye mashimo, yai moja tu kwa mwaka. Panya jike mmoja mwenye mimba angetosha kukimaliza kisiwa kizima, kwani uzao wake ungekula mayai na makinda. Watu wa gati lile walikwisha kuona kisiwa cha jirani kikinyamaza hivyo hivyo, na hakuna aliyependa kukizungumzia.

Jumamosi hiyo Marsali alichelewa kuamka. Alipofika gatini, wageni wanane walikuwa wamekwishavaa majaketi ya kuokolea, na baba yake alikuwa akitazama saa. Mzigo wa mwisho ulikuwa boksi la unga wa shayiri kutoka ghalani kwa bibi yake. Lilifungwa kamba kwa mafundo ya bibi, ambayo kuyafungua kulihitaji meno na subira.

"Unga wa bibi utakuwa na nini?" alijisemea. Akatia alama, akalibeba.

Njiani wageni walifurahi kupita kiasi. Sili walilala juu ya miamba kama magunia, na nyangumi mmoja aliibuka karibu na boti. Saa sita mchana walishuka Ranasay. Wageni wakamfuata Torkil mlimani kuwatazama pafini, naye Marsali akapeleka boksi kwenye kibanda cha Bi Ishbel, mlinzi wa kisiwa, ambaye wakati huo alikuwa juu akihesabu viota.

Alipoliweka chini karibu na jiko, aliona unga ukimwagika. Kwenye pembe ya chini palikuwa na shimo lenye kingo zilizotafunwa, na kando yake vinyesi vidogo vyeusi. Badala ya kupiga kelele, aliligeuza boksi ili shimo lielekee ukutani, akatoka nje.

Alikaa kwenye nyasi. Pafini mmoja alitua hatua mbili kutoka alipokaa, mdomoni amebana visamaki, akamtazama bila hofu yoyote, kisha akaingia shimoni kumlisha kinda wake. Marsali alilia. Nikisema, baba atanyang'anywa kibali cha kuleta wageni, aliwaza. Nisiposema, hawa wote watakufa. Saa nzima alizunguka miamba akimtafuta panya peke yake, akipekua mawe kwa mikono mitupu, akijua fika kwamba hatampata.

"Marsali, twende!" Ivar aliita. "Au umeolewa na pafini?"

Wageni walikuwa wakirudi ufukweni, Bi Ishbel akiwasindikiza. Baba yake aliwahesabu mmoja mmoja. Marsali alisimama mbele yake.

"Baba, lile boksi la bibi sikulifungua. Lina shimo la panya."

Torkil hakugomba. Alikaa juu ya jiwe kama mtu aliyechoka ghafla, na hilo lilimuumiza Marsali kuliko kofi.

"Umeliona lini?" Bi Ishbel aliuliza.

"Tulipofika."

"Mlango uliufunga?"

"Nadhani."

"Nadhani si jibu, mwanangu."

"Sijui, Bi Ishbel. Kwa kweli sijui."

Wakawaacha wageni ufukweni, wao wanne wakakimbilia kibandani. Mlango walikuta umefungwa, lakini boksi halikuwa na panya. Walijifungia ndani, wakaziba ufa wa chini ya mlango kwa taulo, wakaanza kutoa kila kitu mahali pake: magodoro, sufuria, vitabu, kuni. Jasho liliwatoka. Saa mbili zikapita. Ivar akaketi sakafuni, uso ameuinamisha.

"Ametoka," alisema. "Tumekwisha."

Marsali alikuwa akitazama buti la mpira la Bi Ishbel nyuma ya mlango, ambalo lilitikisika kidogo. Alilirukia, akalikaba shingo kwa mikono miwili, akahisi kitu kikipigana ndani. Torkil alilichukua, akamaliza kazi iliyobaki. Alikuwa panya jike, tumbo limejaa watoto.

"Kama alikuwa peke yake, tumepona," Bi Ishbel alisema. "Kama hakuwa peke yake, tutajua wiki hii."

Torkil alimwambia binti yake, "Wewe utabaki hapa."

Kwa siku saba Marsali alizunguka kisiwa kila asubuhi akikagua vipande vya nta vyenye harufu ya chokoleti, vilivyotegwa kuvutia panya, akitafuta alama za meno. Hakuona alama hata moja.

Jumamosi Sulaire ilirudi bila wageni. Torkil alikuwa ameandika taarifa mwenyewe, na kibali kilisimamishwa kwa mwezi mmoja. Alimpa Bi Ishbel ile karatasi ya ukaguzi, naye akamkabidhi Marsali kalamu. Mbele ya "boksi la unga", pembeni ya alama yake ya uongo, Marsali aliandika: Sikufungua. Akatia sahihi.

"Kuchelewa kunampata kila mtu," Bi Ishbel alisema. "Lakini uliligeuza boksi, na kwa saa ile moja ungeweza kutumaliza. Ulituokoa uliposema." Akaelekeza kidole kwa pafini waliojipanga ukingoni. "Wale hawajui kusoma, Marsali. Hawawezi kuikagua karatasi yako. Kwa hiyo unapowaandikia, waandikie kweli."