Tarumbeta na Supu ya Kabichi

Jumamosi, tarehe saba Machi. Asubuhi hiyo manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na upepo wa baridi ukaingia hadi ndani ya ukumbi, ambako kwaya kadhaa zilikuwa zikigombania jukwaa.

Katika msukumano huo, mpokezi wa kliniki ya meno, ambaye wanakwaya wenzake walimwita Tarumbeta kwa ukubwa wa sauti yake, alijikwaa kwenye waya. Mkono ukamdaka.

"Pole, mama."

"Mama? Nimekuzaa lini?"

"Basi pole, dada. Waya nimeutandaza mimi. Ungeanguka, ningefungwa."

"Ningeanguka, ukumbi ungebomoka."

Wakacheka. Yule aliyemdaka alikuwa fundi wa vipaza sauti: shati la bluu lililonyooshwa vizuri, bisibisi sikioni kama kalamu. Tarumbeta, ndani ya gauni lake la zambarau, alihisi mashavu yakipata moto.

Furaha ile ilidumu wimbo mmoja tu. Aliposhuka jukwaani akipita nyuma ya pazia, alimsikia Fundi akimwambia mwenzake, "Yule dada wa katikati amezidi. Mzito mno. Mpunguze."

Maskini, alitamani ardhi ipasuke immeze! Hata hivyo Fundi alipomwomba namba ya simu, alimpa. Akajiambia: huyu ananipenda, ila ananitaka nusu.

Jumatatu akaanza supu ya kabichi, asubuhi, mchana na jioni. Akaacha wali, mkate, viazi, hata ndizi. Tusiseme uongo: mwanzoni ilifaa. Mizani ilishuka haraka, zipu ya gauni ikapanda bila kuvutwa, na magoti yaliyokuwa yakilalamika kwenye ngazi yakanyamaza. Alimshukuru Mungu. Kisha kichwa kikaanza kugonga, choo kikawa kigumu, na wagonjwa wa meno wakafokewa kwa kosa la kuuliza saa.

Fundi hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Kabla mwezi haujaisha alimuuliza kama angekubali kuolewa naye, akaambiwa asubiri. Kesho yake akapiga simu.

"Tarumbeta wangu, twende tukale."

"Nimefunga, mpenzi." Neno lilimtoka lenyewe.

"Umefunga? Kwa ajili gani?"

"Kuna jambo namwomba Mungu."

"Sawa," akasema Fundi kwa upole. "Nimeelewa."

Jioni alipopiga magoti, maneno hayakuja. Alikuwa amelitumia jina la Mungu kufunikia sufuria ya kabichi, naye alilijua hilo. Lakini kesho yake alirudia uongo uleule, na keshokutwa yake pia.

Siku ya mazoezi ya mwisho kabla ya tamasha, Fundi akiwa kwenye vipaza sauti vyake, Tarumbeta alivuta pumzi aimbe sehemu yake peke yake. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi, ukumbi ukazunguka. Fundi aliruka jukwaani kumdaka, lakini naye miguu ikamlegea, wakaanguka pamoja kama magunia mawili.

Mwanakwaya mmoja, muuguzi kwa kazi, akawaletea maji ya sukari. "Mmekula nini leo?"

"Supu ya kabichi," Tarumbeta akanong'ona.

"Na wewe, Fundi?"

"Sijala. Nimefunga naye tangu aliponiambia." Akainamisha kichwa. "Nilidhani anamuuliza Mungu kama anikubali. Sikutaka aombe peke yake."

Machozi yalimtoka Tarumbeta kabla ya maneno. "Sikufunga! Nilikudanganya. Nilikuwa najikondesha kwa sababu yako. Ulisema mimi mzito mno, nipunguzwe."

"Mimi? Lini?"

"Siku ya kwanza. Nyuma ya pazia."

Fundi akashika kichwa. "Jamani! Kipaza sauti chako! Besi ilikuwa nzito, spika zinakoroma. Sisi mafundi mtu tunamwita kwa kipaza chake!"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Muuguzi peke yake hakucheka.

"Mwenzangu, kupungua si dhambi. Mama yako ana kisukari, magoti yako yalikuwa yakikusumbua, sababu unazo. Na matokeo ya haraka yanampa mtu moyo. Lakini kilo nyingi za mwanzo ni maji, na ukirudia chakula chako nazo zinarudi. Ukizidi kujinyima, unapoteza misuli. Punguza sahani, tembea kila siku, kuwa na subira."

Mama yake Tarumbeta, aliyepigiwa simu, aliingia akihema, viatu vya jozi mbili tofauti miguuni. "Mwanangu ni mzima?"

"Mzima, mama," Fundi akajibu. Kisha akamgeukia Tarumbeta, sauti ikishuka. "Kwa hiyo hukumuuliza Mungu kuhusu mimi?"

"Nilikuwa naona aibu hata kumsogelea."

"Basi muulize. Mimi nipo."

Tarumbeta alifumba macho hapo hapo sakafuni. Midomo ilitikisika kwa muda. Alipofumbua, alimshika mama yake mkono, akainuka taratibu.

"Nimemwomba msamaha kwanza," alisema. "Na kuhusu wewe, sikuwahi kuwa na shaka. Shaka ilikuwa juu yangu mwenyewe."

Akakohoa kidogo, na ile sauti yake kubwa ikarudi.

"Mbele ya Mungu, mbele ya mama yangu, na mbele yenu wote: nitaolewa na mtu huyu, na sitamficha tena njaa yangu wala hofu yangu."