Wimbo Usiotaja Jina

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na Ridhiwani tulikuwa na kazi moja: kuketi juu ya ukuta mfupi wa shule na kuwapa majina wapita njia. Shule yetu iko nyuma ya soko la Kariakoo, upande wa kwenda Gerezani, kwa hiyo wapita njia hawaishi. Mbeba mizigo mwenye magodoro matano kichwani tulimwita Ghorofa. Mwalimu wa zamu ambaye viatu vyake vililia kila akikanyaga tulimwita Bata, lakini kimoyomoyo, maana masikio yetu tulikuwa bado tunayahitaji.

Shreya, tuliyesoma naye darasa la sita, alikuwa akifika amemshika mkono mdogo wake Manan wa darasa la pili. Anasimama chini yetu na kuuliza, "Mambo, Moza? Leo mmembatiza nani?" Tukimwambia, anacheka mpaka anaegemea ukuta.

Nalisema hili mapema ili ujue kwamba Shreya hakuwa adui yangu. Laiti angekuwa adui, labda ningepata usingizi mzuri zaidi.

Mwaka huo ukafika uchaguzi wa kiranja mkuu. Wagombea walikuwa wawili, Ridhiwani na Shreya, na mimi nikawa mpiga debe wa Ridhiwani. Yeye alikuwa na sera moja tu: mipira miwili mipya. Shreya alikuwa na bomba. Bomba la karibu na vyoo lilikuwa halitoi maji tangu muhula uliopita, na wote tulikuwa tukilipita kama tunavyopita jiwe. Shreya alimwendea fundi wa Gerezani, akamuuliza, akaandika kwenye daftari, kisha akasimama mbele ya wanafunzi na kusema, "Kinachotakiwa ni koki mpya tu. Nimeuliza."

Nimeuliza! Mipira ya Ridhiwani ikapasuka pale pale kabla haijanunuliwa.

"Moza, tunapigwa," Ridhiwani aliniambia wakati wa mapumziko. "Fanya kitu bwana. Wewe mdomo wako ni spika."

Nje ya shule nako kulikuwa na kampeni, za udiwani. Gari la matangazo lilikuwa likizunguka mitaani, na sauti moja inarudia: "Msimpe mgeni! Mpeni mtoto wa nyumbani!" Haikutaja mtu. Lakini niliona wauza mitumba wakigeuka kutazama duka la Mhindi lililokuwa mbele yao, kisha wakikonyezana. Badala ya kujiuliza kwa nini wanakonyezana, nikajisemea: kumbe inawezekana!

Wimbo niliutunga somo la hisabati likiendelea. Ulikuwa hivi:

*Kura yako mpe nani?*
*Mpe mtoto wa nyumbani!*
*Mgeni apewe nini?*
*Apewe chai barazani!*

Ukiuimba unapiga dawati mara mbili mwisho wa kila mstari. Ridhiwani aliposikia alirusha daftari juu.

"Mgeni ni nani?" aliuliza huku anacheka.

"Mimi nimetaja mtu?" nikamjibu, nikamkonyeza.

Kufikia Jumanne mchana shule nzima ilikuwa ikipiga madawati. Hata wa darasa la kwanza na la pili, ambao hawapigi kura, waliimba kuliko wote. Nikipita uwanjani watoto wananionyesha kidole: "Yule! Yule ndiye mwenye wimbo!" Nilitembea kama bibi harusi.

Jumatano asubuhi Mwalimu Heriel, mwalimu wa nidhamu, aliniita ofisini. Nilimkuta Shreya amesimama pembeni ya meza, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Moza, mgeni katika wimbo wako ni nani?"

"Mgeni yeyote tu, mwalimu." Nilikuwa nimejiandaa. "Na amepewa chai. Kumpa mtu chai ni tusi?"

"Hukumkusudia Shreya?"

"Mwalimu, nimelitaja jina lake wapi?"

Mwalimu alifunika kalamu yake. Akasema, "Haya. Jina halipo, na mimi siwezi kuingia kichwani mwako. Ukilikumbuka, njoo uniambie mwenyewe."

Tulipotoka nje nilitegemea Shreya atanitukana. Nilikuwa hata na jibu tayari. Yeye alisema tu, "Moza, wewe unajua," akaenda zake darasani. Jibu langu likabaki mdomoni, sikujua niliteme au nilimeze.

Siku hiyo hiyo nilisikia kwamba wimbo umeota mkia. Wavulana wa darasa la nne walikuwa wameongeza mstari: *Akimaliza, arudi kwao!* Huo sikuutunga mimi. Nilimwambia Ridhiwani hivyo mara tatu, ingawa hakuwa ameniuliza.

Alhamisi Shreya hakuja shule. Manan pia hakuja.

"Amekimbia mechi," alisema Ridhiwani ukutani. "Kesho tunashinda asubuhi na mapema." Akampa jina mtu aliyekuwa akipita na mikungu ya ndizi. Nilicheka kwa sababu ilikuwa zamu yangu kucheka.

Jioni mama, anayeuza korosho Mtaa wa Msimbazi, alinichukua kwenda kuchagua khanga za sare ya harusi ya mama mdogo. Sikuuliza duka gani. Tulipokata kona nikaliona, nikajificha nyuma ya mama. Lilikuwa duka la mzee Kanubhai, babu yake Shreya. Wao wanaishi juu, duka liko chini.

"Karibu, Mama Moza," alisema mzee Kanubhai, huku akishusha khanga rafuni. Akauliza swali analomuuliza kila mteja: "Za kuvaa, au za kumvalia mtu?"

Mama alicheka. "Za sare, mzee. Mwaka huu sina ugomvi na mtu."

Mwanamke yeyote wa mjini analielewa swali hilo. Khanga ina maneno. Unaweza kuinunua kwa ajili ya rangi, na unaweza kuinunua kwa ajili ya jirani: unajifunga, unapita mbele ya mlango wake polepole, ayasome.

Manan alikuwa ameketi juu ya kaunta, begi lake la shule mapajani, limevimba.

"Shikamoo, dada Moza."

"Marahaba. Vipi, unasafiri?" nilitania.

"Eeh." Akafungua zipu anionyeshe. Hakukuwa na daftari hata moja. Kulikuwa na mashati mawili, gari dogo lisilo na tairi, na mswaki. "Shuleni wamesema tukimaliza chai turudi kwetu. Basi nimepanga nguo. Lakini kila nikimuuliza babu kwetu ni wapi, ananiambia ni hapa. Wewe unapajua? Si wimbo ni wako?"

Mama aliacha kukunjua khanga. "Wimbo gani, Moza?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mdomo wangu ulikataa kazi. Mama akangoja. Nikaimba kwa sauti ndogo, bila kupiga chochote. Ukiimbwa polepole hivyo, mbele ya mzee Kanubhai, wimbo ule haukuchekesha hata kidogo.

"Lakini sikumtaja mtu," nikaongeza.

Mzee Kanubhai alikunja khanga moja, akaipanga juu ya nyingine. Hakupandisha sauti.

"Nimeuza khanga miaka arobaini, mjukuu wangu. Hiyo 'sikumtaja mtu' naijua vizuri. Kuna mama mmoja alikuja hapa, hapatani na mpangaji mwenzake. Mimi ndiye niliyemchagulia maneno. Makali kwelikweli. Tulicheka wote hapo hapo uliposimama. Akaianika kwenye kamba wiki nzima, inatazama mlango wa mwenzake. Jina halikuwemo, lakini nyumba nzima ilijua inamlenga nani. Yule mwenzake alihama na watoto wake watatu." Akafuta kaunta ambayo ilikuwa safi. "Tangu hapo ndipo nikaanza kuuliza: za kuvaa, au za kumvalia mtu? Wewe, wimbo wako ulimvalia nani?"

Manan alikuwa akinitazama, angali anangoja kuambiwa kwao ni wapi.

"Moza," mama alisema, "wewe ulizaliwa wapi?"

"Newala."

"Tukafika Kariakoo ukiwa na miaka mingapi?"

"Minne."

"Nyumba ya kwanza tuliyopanga, walituita watu wa kuja. Hawakututaja majina. Walikuwa wakisema tu nikiwa napita na ndoo: siku hizi mji umejaa watu wa kuja. Nilikuwa nalia bafuni ili usinione." Akageukia khanga zake. "Sikujua kama nalea mtu wa kuyasema maneno yale."

Ningependa kukuambia kwamba nililia. Nilikuwa na haya hata ya kulia.

Niliomba ruhusa, nikapanda ngazi mpaka mlangoni kwao. Shreya alifungua, akabaki ameshika kitasa.

"Mambo?" nikaanza. "Nimekuja kunywa chai ya..."

"Usinichekeshe leo, Moza."

"Naomba unisamehe."

"Hapa tuko wawili tu," alisema. "Uliimba mbele ya shule nzima. Kama una la kusema, kaseme ulikoimbia." Akafunga mlango polepole, na huo upole ndio ulioniumiza.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kura. Nilifika ofisini kwa Mwalimu Heriel hata chai yake haijapoa.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kulitaja jina."

Hakuuliza jina gani. "Unataka kulitajia humu ndani, au mstarini?"

"Mstarini," nilisema, nikijichukia.

Nilipomwambia Ridhiwani, alinivuta pembeni. "Una wazimu? Tunashinda leo! Hii ni siasa tu, Moza. Hata wakubwa wanafanya."

"Mdogo wake Shreya amepanga nguo kwenye begi," nikamwambia. "Anataka kuambiwa kwao ni wapi."

Ridhiwani aliuachia mkono wangu.

Mstarini, nilipopanda kibarazani, shule nzima ilidhani nimeleta wimbo mpya. Wakaanza kuniimbia wimbo wangu wenyewe, wakipiga makofi mawili mwisho wa kila mstari. Sijawahi kusikia kelele mbaya kama ile. Kule nyuma, karibu na geti, nilimwona Shreya anaingia na Manan. Begi bado limevimba.

"Nyamazeni," nilisema. Wakacheka. "Nyamazeni, sitanii!" Wakanyamaza, labda kwa sababu hawakuwahi kunisikia nikisema hivyo.

"Mgeni wa kwenye wimbo ni Shreya. Nilimkusudia yeye kwa sababu ni Mhindi, na kwa sababu alikuwa anatushinda. Mwalimu aliponiuliza nilidanganya. Shreya amezaliwa hapa hapa Kariakoo. Mimi nimekuja na basi kutoka Newala." Watu wakaguna. "Lakini hata angekuwa amefika jana, bomba angelikuta limekufa vile vile, na ni yeye peke yake aliyekwenda kuuliza. Shreya, Manan, naomba mnisamehe. Wimbo ule naomba usiimbwe tena."

Nikashuka. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipita katikati ya mistari nikitazama viatu vya watu.

Sasa, wewe unategemea Shreya alishinda. Alishindwa kwa kura tisa. Mpaka leo najiuliza tisa hao walikuwa nani, na kama wangepiga hivyo bila wimbo wangu. Sitajua. Ridhiwani alipotangazwa hakurusha daftari. Alimwendea Shreya akasema, "Nipe lile daftari la bomba, twende wote kwa mwalimu mkuu." Shreya akamwambia, "Daftari silitoi. Nitakuja nalo." Wiki iliyofuata koki mpya ilifungwa.

Mwalimu Heriel aliniita tena ofisini.

"Adhabu yako," alisema, "ni kukaa na darasa la pili kila mapumziko, mpaka wimbo ule ufe."

"Mwalimu, si nimeshaomba msamaha?"

"Umeomba, na umefanya vema, maana kusema kweli mbele ya watu mia sita si mchezo. Lakini msamaha umetoka mdomoni mwako, na wimbo umebaki midomoni mwao." Akainama mbele kidogo. "Sikiliza, Moza. Neno la kumtenga mtu, hata ukilifunika vizuri namna gani, hata ukiliwekea chai juu, anayelengwa huliona. Ukishaanza kujitetea kwamba hukumtaja, ujue moyoni umeshamtaja. Una kipaji cha maneno. Kabla hujasema, jiulize neno hili litamfikia nani, na litamkuta na umri gani. Nenda."

Basi nikakaa na darasa la pili. Kila walipoanza kupiga madawati, nilianzisha wimbo mwingine, wa koki, wa Bata, wa chochote. Ilichukua zaidi ya wiki tatu. Shreya alirudi kupita ukutani asubuhi, lakini alipita bila kusimama, na mimi sikumlaumu. Manan alikuwa ameshaweka madaftari kwenye begi. Mswaki hakuutoa. "Wa akiba," aliniambia.

Ilikuwa Jumatano mvua inanyesha aliponijia na kuomba nimsaidie kutafuta kifutio. Nikafungua begi lake, nikapekua mpaka chini. Madaftari, penseli, lile gari lisilo na tairi.

"Manan, mswaki wako uko wapi?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kijinga.

"Si uko bafuni? Kwetu."