Dakika Tano za Corinne Ballard

Saa tisa kamili alasiri Corinne Ballard alitokea katikati ya kizimba cha kioo, akaketi kwenye kiti ambacho hakikubonyea hata kidogo, akamgeukia mgeni wake na kudondosha chozi moja kutoka jicho la kushoto. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Umri huo alikuwa nao kwa mwaka wa thelathini na tatu mfululizo.

Mgeni, mwanamume aliyefiwa na mke kwenye mgodi wa mwezini, naye akalia. Nusu ya dunia ikalia pamoja nao.

Mtambo uliomtoa Corinne huyo ulijaza jengo zima pale Naivasha, ukinywa umeme wa mvuke wa ardhini bila kupumzika. Mafundi waliuita surahai. Surahai ni sura ya mtu iliyonakiliwa ngozi kwa ngozi, ikapewa sauti yake, kicheko chake na kila neno alilowahi kulisema mbele ya kamera, kisha ikaachwa ifanye kazi yenyewe. Haikohoi, haichelewi, wala haiombi likizo. Wakati huohuo mmoja ilikuwa ikizungumza lugha arobaini, na mtazamaji wa Kisumu na yule wa Ohio kila mmoja aliapa kwamba Corinne ni wa kwao.

Corinne mwenyewe alikuwa chumba cha pili, nyuma ya kioo, amejitanda mtandio shingoni. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na mvi kichwa kizima.

"Chozi lile ni la filamu yangu ya tatu," alisema kwa Kiswahili alichojifunza kwa miaka tisa hapa Naivasha. Sauti yake ilikwaruza. "Mwongozaji alinikatia kitunguu."

Wakio Mwandoe, fundi mkuu wa mitambo, alicheka bila kuondoa macho kwenye mita zake. Alikuwa Mtaita wa Wundanyi, mwanamke wa maneno machache, na kwa miaka yote tisa alikuwa akimpikia huyu Mmarekani chai kila alipokuja kupimwa. Maana ilibidi apimwe. Mara moja kwa mwaka surahai ilihitaji kicheko kipya kutoka kwa mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu kampuni ilimjengea nyumba karibu na mitambo, kama ng'ombe anavyowekwa karibu na jikoni.

Kazi yake Corinne aliianza akiwa na miaka kumi na saba, akivaa makoti ya baridi mbele ya kamera katikati ya joto la Julai na kutabasamu huku jasho likimtiririka mgongoni. Kutoka makoti akaingia tamthilia, akawa muuguzi kwa misimu kumi na moja. Humo alikufa mara mbili na kufufuliwa mara mbili, kwa sababu watazamaji walilalamika. Kisha wakampa kipindi cha asubuhi. Kwa miaka kumi alizungumza na marais, wapishi, wezi waliotubu na mbwa wanaojua kuhesabu, huku kidude kikimnong'oneza sikioni la kuuliza na wakati wa kucheka. Alipochoka, kampuni ikamwambia: lala, sisi tutaamka kwa niaba yako. Akatia saini. Nani asingetia?

Kilichokuja baadaye hakuna aliyemweleza. Matapeli walianza kutengeneza akina Corinne wa bandia, wakiuza dawa na kuomba watu siri zao. Ndipo Wakio akaunda mlinzisura, chombo kinachopekua mitandao yote ya dunia na kufuta kila Corinne asiyefanana na yule wa kizimbani. Kampuni ikatangaza kila mahali: Corinne wa kweli utamwona kwenye runinga tu. Corinne alimshukuru Wakio kwa moyo wote. Alimletea hata keki.

Dada yake Verna, mwenye miaka themanini, alikuwa akiishi Ohio na aliliamini tangazo lile kama watu wengine wote. Corinne alipompigia simu na sauti yake iliyozeeka, Verna alimwita tapeli na kukata kabla hajasema neno la pili. Alipofunga safari hadi mlangoni, Verna alichungulia dirishani, akaona ajuza mwenye mvi, akasema kwa sauti kwamba dada yake yuko kwenye runinga muda huu huu na kwamba anaita polisi. Hakuwa na wazimu. Aliamini tu alichoambiwa.

"Wakio," Corinne alisema kipindi kilipokwisha. "Keshokutwa wanakata hapa." Aligusa koo. "Saratani wataitoa. Sauti pia."

"Daktari alinieleza, Mama. Pole sana."

"Sitaki pole. Nataka dakika tano kesho, mahali pa yule." Alielekeza kidole kizimbani. "Verna hanisikii popote pengine. Nataka aone uso huu, na asikie sauti hii kabla haijaenda."

"Mama, hiyo haiwezekani. Mkataba unakataza kamera yoyote ikuone. Wakijua, mimi keshokutwa niko Wundanyi nalima kabichi."

"Kabichi ni mboga nzuri."

Wakio alimkumbuka mama yake mzazi, ambaye siku za mwisho alimwita kwa jina la mtu mwingine, na jinsi jambo hilo lilivyomuuma.

"Dakika tano," alisema. "Hata sekunde usizidishe."

Usiku ule alichora mpango kwenye karatasi. Mlinzisura alikesha nje, kwenye mitandao ya dunia. Humu ndani, anamotokea Corinne wa kizimbani, hakukuwa na haja ya mlinzi. Ilikuwa kuizima surahai tu, kuwasha kamera ya zamani, na kumpeleka mama mwenyewe hewani. Ilikuwa kazi rahisi.

Kesho yake saa tisa na robo, mgeni wa kwanza alipotoka, Wakio alizima surahai. Corinne aliingia kizimbani bila vipodozi. Kidude cha sikioni alikuwa amekiacha mezani kwa Wakio kwa makusudi, na mkononi hakuwa na karatasi. Aliketi, kiti kikabonyea. Akaanza kuzungumza.

Wakio kwa dakika tano zile alishika vitufe kwa mikono miwili na kufuata mishale: wa sauti, wa mwanga, wa nguvu ya mawimbi. Dakika ya tatu mshale wa sauti ulianguka, akaupandisha taratibu. Yote yalikuwa kijani. Dakika tano zilipotimia, mawimbi yalikuwa yamefika Ohio safi kuliko siku nyingine zote.

Corinne alitoka, akamkumbatia na kumlowesha bega kwa machozi. Gari la hospitali lilikuwa likimngoja mlangoni.

Wakio alikwenda kantini kusubiri kufukuzwa. Barasa, mpishi, alimpokea kwa furaha.

"Huyu mama yenu leo amenoga! Sijawahi kumwona amechangamka hivyo."

"Umemwona?" Wakio aliuliza. "Alisema nini?"

"Viazi vitamu! Kwani hukuwa ukitazama? Dakika tano nzima anafundisha viazi vya kuchoma na maziwa ya nazi. Nimeandika kila kitu."

Kwenye runinga ya ukutani marudio yalikuwa yakiendelea. Corinne wa miaka arobaini na mmoja alikuwa ameketi pale pale alipoketi yule wa sabini na mitatu, anacheka, anapeperusha mikono jinsi ile ile, na anamenya kiazi kisichokuwepo.

Wakio alisimama na sahani mkononi. Hapo ndipo alipokumbuka. Miaka mitatu iliyopita kibarua mmoja mwenye kinyongo alipenyeza Corinne wa bandia kutoka humu humu studioni, na wakubwa wakataka mlinzisura awekwe hata kwenye mlango wa mwisho wa kutokea mawimbi. Wakio aliiweka kazi hiyo sawa kwa alasiri moja na kwenda nyumbani. Hakuiingiza kwenye mchoro. Nani huingiza kazi ya alasiri moja kwenye mchoro? Na kwa kuwa matangazo ya moja kwa moja hayaruhusiwi kukatika, alikuwa amemfundisha mlinzi kwamba akikutana na Corinne wa bandia, asimzuie. Amrekebishe tu, uso na maneno, kisha afute rekodi ya asili isibaki hata punje.

Alikimbia kutafuta. Rekodi ya asili haikuwepo. Chombo kilikuwa kimefanya kazi yake vizuri mno. Alichokipata ni ujumbe wa watazamaji, na kati yao mmoja kutoka Ohio: *Asante, Corinne. Jumapili nitajaribu viazi hivyo. Verna.*

Hakuna aliyekuja kumfukuza. Hakukuwa na kosa lililoonekana.

Siku ya tatu alikwenda hospitalini. Corinne alikuwa ameketi kitandani na bandeji shingoni, kibao cheupe mapajani na kalamu mkononi. Aliandika neno moja: *Verna?*

Njiani Wakio alikuwa amejiandalia uongo mzuri. Macho yale yalimshinda. Alimweleza yote, tangu alasiri ile ya miaka mitatu iliyopita, kisha akamwonyesha ujumbe.

Corinne aliusoma. Akaandika: *Viazi hawezi. Huviunguza.*

Wakio alilia kwa aibu. Corinne alimgusa mkono, akafuta kibao, akaandika kwa herufi za haraka: *Sikuandika popote. Mara ya kwanza maishani nimesema bila kunong'onezwa. Dawa za usingizi zimenivurugia kumbukumbu. Wewe ulikuwepo. Nilisema nini?*

Muuguzi alipita na toroli, akatoweka.

"Mama," Wakio alisema, "mimi sikusikiliza."

Corinne alimtazama.

"Nilikuwa natazama mishale. Sauti isipasuke, mwanga usizidi. Ndivyo tunavyofanya kazi, miaka yote. Maneno hayatuhusu, yanapita tu." Alijifuta pua. "Nakumbuka kitu kimoja. Dakika ya tatu sauti ilishuka sana, nikaipandisha."

Corinne aliinama na kuandika polepole, mpaka kibao kikajaa: *Hapo nakumbuka. Nilimwita kwa jina tulilopeana utotoni, tukilala kitanda kimoja. Hakuna mtu mwingine duniani anayelijua. Angelisikia hilo angenijua.*

"Jina gani, Mama?"

Kwa mazoea ya miaka sabini Corinne aliiweka kalamu chini, akafungua kinywa na kulitamka. Wakio alisogea hadi karibu na midomo yake, akasikiliza kwa umakini wote aliokuwa nao, na hakukuwa na kitu cha kusikia.