Kikapu Kilichomeza Vitunguu

Kila asubuhi, Tantine Marthe alipokuwa akifunga mzigo wake wa vitunguu kwenda sokoni, Emérence alikuwa tayari ameketi mezani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Shule yake ilikuwa kule Lubero milimani, nayo ilifungwa vita vilipofika. Wanafunzi walitawanyika: huyu Butembo, yule Bunia, na yeye Kisangani kwa huyu Tantine, mama yake mdogo. Lakini Madame Annette, mwalimu wao wa uchoraji na ubunifu, hakukubali darasa lake life. Aliwafundisha kwa simu, na alikuwa mkali vilevile.

Wiki ile aliwapa kazi kubwa: kila mmoja abuni chombo cha kubebea mzigo kitakachomwondolea mtu wa nyumbani kwake kero moja. Asiyetuma kufikia Jumamosi hapandi darasa.

Emérence alipenda kuchora tangu utotoni. Lakini baada ya miezi miwili ya kukodolea macho kioo kidogo cha simu, kichwa kilimgonga na macho yalimwasha. Alichora mstari akafuta, akachora akafuta, hadi karatasi ikatoboka. Jumatano uvumilivu ulimwishia. Alitafuta kwenye simu picha ya kikapu kizuri, akakinakili mstari kwa mstari, akatuma.

Jibu lilikuja upesi. "Kazi nzuri sana, binti yangu. Najivunia wewe."

Maskini Emérence! Badala ya kufurahi, aliilaza simu kifudifudi mezani.

Tantine Marthe aliporudi alimtazama, akanyoosha mkono. "Leta hiyo téléphone. Macho yako iko nyekundu kama pilipili. Kesho utaenda kwa Papa Désiré, umusaidie kazi, upate hewa kidogo."

Papa Désiré, jirani yao, alikuwa mvuvi wa Wagenia, kabila la wavuvi wa mto pale Kisangani. Siku hizo alikuwa akifuma migono, ile mitego mirefu ya samaki inayotegwa kwenye maporomoko ya mto.

"Mutoto ya mulima," alimtania Emérence, "mukono yako itaweza hii kazi? Bon, kaa hapa. Shika fito, kunja pole pole."

Mwanzoni vidole vilimuuma. Kufikia mchana aligundua kwamba kichwa hakimgongi tena, tena alikuwa akiimba bila kujijua. Akaomba fito zilizobaki, akaanza kikapu chake mwenyewe. Kero ya nyumbani aliijua vizuri: Tantine alisafirisha vitunguu kwa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na kila shimo la barabarani lilimwaga vitunguu viwili vitatu.

Ijumaa jioni kikapu kilikuwa tayari. Tantine alikijaza, akakitikisa, akakipindua juu chini. Hakikudondoka kitunguu hata kimoja. Emérence alivimba kichwa. Kisha Tantine akaingiza mkono atoe kitunguu kimoja cha mboga. Mkono uliingia vizuri. Kutoka, ukakataa.

"Emérence," alisema taratibu, "sasa mimi niko samaki?"

Kumbe alikuwa amefuma mdomo wa kikapu kama alivyofundishwa kufuma mgono, ncha za fito zikitazama ndani, ili kiingiacho kisitoke. Papa Désiré alicheka hadi akakaa chini, ndipo akaja kuuokoa mkono wa watu.

"Alors, fundi," alisema akifuta machozi, "hizi vitunguu zitatoka aje? Miye siambii. Fikiri."

Emérence alikigeuza kikapu huku na huku. Hatimaye akakata kijilango chini, akakiwekea kifuniko cha kufunga kwa kamba. Vitunguu viliingia juu, vikatokea chini. Siku nyingi hakuwa amejisikia mwenye akili namna ile.

Jumamosi asubuhi Tantine alimrudishia simu, akaondoka na kikapu kwenye toleka, na sokoni vitunguu vikafika vyote. Emérence akakaa kukichora kwa kumbukumbu, na safari hii mkono haukusita. Lakini kwenye simu ile kazi ya wizi bado ilikuwepo, na sifa zake. Angenyamaza, angepanda darasa. Angesema, huenda angerudia mwaka mzima. Akaandika: "Madame, ile ya Jumatano si yangu, niliinakili. Naomba unisamehe. Hii ndiyo yangu."

Alisubiri hadi alasiri. Ndipo sauti ya Madame Annette ikaja, ya upole lakini bila mchezo.

"Emérence, ile ya kwanza nimeipa sifuri. Hii ya pili nimeipigia makofi peke yangu hapa chumbani, na umepanda darasa. Sasa nisikilize. Ulichoka, ukaficha, na uchovu uliofichwa ukakufikisha kwenye udanganyifu. Ukichoka, sema, wakubwa tupo. Tena mtu anayejifunza kubuni lazima mikono yake ishike kitu, kikosewe, kitengenezwe. Simu peke yake haitoshi. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu, darasa zima litapumzika simu siku mbili kila wiki, na kila mmoja atafanya kazi ya mikono kwa jirani."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata mimi, mwanangu, macho yananiuma tangu mwezi uliopita. Sikumwambia mtu."